Dakika Nane za Benga, Sekunde Thelathini za Malipo

Leo naanza na hesabu, na huna haja ya kutafuta kalamu kwa kuwa hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua wimbo wa benga wa dakika nane. Chukua na mwingine, wa kijana wa Nairobi au wa Lagos, wa dakika mbili tu. Fungua Spotify, usikilize ule wa benga mpaka gitaa linyamaze. Umehesabiwa mara moja. Sasa, kwa muda ule ule, usikilize ule wa dakika mbili mara nne. Umehesabiwa mara nne. Wala hukuhitaji kuumaliza. Ukishavuka sekunde 30 hesabu imeingia, hata kama sekunde ya 31 umebadilisha wimbo kwa hasira.

Watu wengi wanaozungumzia muziki wa mtandaoni huanza na umaskini wa wanamuziki, na kilio hicho ni cha kweli, nitakifikia. Ila kwetu huku kando ya ziwa naona kilio cha kwanza kingekuwa hicho cha sekunde 30. Mtambo huu unalipa mtu akianza kusikiliza. Akibaki, haulipi zaidi. Na muziki wa Kijaluo, tangu nyatiti ya nyuzi hadi benga ya magitaa na ohangla ya ngoma, ni muziki wa kubaki. Huwezi kuuonja kwa ncha ya ulimi ukasema nimeshiba.

Kwa msikilizaji aliye mbali: huku kwetu ni Kisian, pale unapotoka Kisumu mjini, ukapita uwanja wa ndege, ukapita Otonglo, kisha barabara ikagawanyika. Moja inapanda Maseno kuelekea Busia, nyingine inashika njia ya Bondo hadi Usenge. Wengi wanapajua kwa sababu ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba. Sisi wengine tunapajua kwa kelele. Hii ni njia panda, magari husimama, na gari likisimama mlango unafunguliwa na muziki unamwagika barabarani.

Muziki huo unatoka wapi? Si Spotify. Matatu inapiga kutoka kwa flashi iliyochomekwa kwenye redio ya gari. Flashi ilijazwa na kijana mwenye kompyuta na duka la filamu, kwa bei isiyozidi ya chai na mandazi. Mwenye boda boda naye ana spika ndogo yenye memori kadi. Kinyozi ana simu iliyounganishwa na spika kubwa, na bando likiisha anarudi kwenye nyimbo alizotumiwa na rafiki kwa WhatsApp. Wimbo wa Prince Indah unaweza kupigwa hapa kuanzia gari la kwanza la alfajiri hadi la mwisho la usiku, juma zima, watu wakauimba kwa moyo, na kompyuta za Spotify kule Stockholm zisijue kwamba kuna mahali panaitwa Kisian.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ohangla haisikilizwi kwa sababu takwimu za mtandaoni ni ndogo, muulize takwimu hizo zimepima nini. Zimepima wenye bando.

Hebu turudi nyuma kidogo, maana mambo haya si mageni kama yanavyoonekana. Kila chombo kilichowahi kubeba muziki wetu kiliukata kwa kipimo chake. Miaka ya sitini na sabini kulikuwa na santuri ndogo, ya mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja ulibeba dakika tatu au nne hivi, ukijitahidi tano. Lakini benga haiishi katika dakika tatu. Benga huanza na maneno: mwimbaji anasimulia habari yake kwa utulivu, anamtaja mpendwa, anamtaja aliyefariki, anamtaja aliyemkosea. Kisha maneno yanakaa kando, magitaa yanashika kasi, besi inapiga mbio kama inafukuzwa, na hapo ndipo watu huinuka vitini. Santuri haikuwa na nafasi ya mambo yote hayo, basi wimbo ukagawanywa: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa pili. Waliokuwa na gramafoni wanakumbuka: unamaliza maneno, unageuza sahani, ndipo unapata ngoma yenyewe.

Kisha ikaja kaseti. Kaseti ya saa moja ina nusu saa kila upande, bila kugeuza kitu katikati ya wimbo. Nyimbo zikanyooka, zikafika dakika nane, dakika kumi. Ukimsikiliza Okatch Biggy na bendi yake ya Heka Heka miaka ya tisini, kabla hajafariki mwaka 1997, unamsikia mtu asiye na haraka hata kidogo. Anajua ana utepe wa kutosha. Wakati mwingine nadhani urefu ule tunaouita asili yetu tuliupata kwa kaseti, na kabla ya santuri tuliupata kwa nyatiti, ambayo haikuwa na mwisho ila usingizi wa wasikilizaji.

Na makampuni ya rekodi, je? Yalikuwepo, tena mengi kuliko vijana wa leo wanavyodhani. Phares Oluoch Kanindo aliuza benga kwa wingi chini ya alama zake za POK, na santuri zake zilifika mbali sana. Zimbabwe waliipenda benga hiyo hadi wakaiita kwa jina lake, kanindo, na wanamuziki wa huko wakaichanganya na yao. Baadaye Kanindo akawa mbunge, jambo ambalo halimshangazi mtu yeyote anayejua jinsi mwenye spika anavyopendwa vijijini. Kericho kulikuwa na duka la Chandarana, lililorekodi Wajaluo, Wakipsigis na wengineo. Nairobi kulikuwa na River Road, mtaa mzima wa maduka ya muziki, na makampuni makubwa ya nje, EMI, Polygram na CBS, yalikuwa na ofisi mjini.

Nisije nikayapamba. Wanamuziki wengi wa enzi hiyo walilipwa mara moja, wakatia sahihi karatasi wasiyoisoma, wakapanda basi kurudi nyumbani. Santuri ikiuzwa elfu au laki, hawakujua. D. O. Misiani mwenyewe, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, aliyeitwa mfalme wa benga na aliyetiwa ndani zaidi ya mara moja kwa sababu ya mafumbo ya nyimbo zake, alifariki kwa ajali ya barabarani hapa Kisumu Mei 2006. Sifa zake zilikuwa kubwa kuliko mali yake kwa mbali. Anayesema kwamba mtandao ndio uliowafukarisha wanamuziki wa Nyanza anasahau kwamba wengi wao mtandao uliwakuta tayari hawana kitu.

Kilichoyaua makampuni yale hapa kwetu hakikuwa intaneti. Kilikuwa redio ya kaseti yenye milango miwili: unaweka halali huku, tupu kule, unabonyeza, unaenda kula. Kufikia miaka ya tisini kaseti za wizi zilikuwa nyingi kuliko za halali, makampuni ya nje yakafunga virago, ya ndani yakabaki majina. Ndiyo maana Ulaya na Marekani waliposhtuka kwamba intaneti inaua biashara ya rekodi, Kenya hakukuwa na biashara kubwa ya kuuawa. Mwizi wa mtandaoni alikuta nyumba imeshaibwa.

Sasa tuje kwenye mtambo wenyewe. Spotify iliingia Kenya Februari 2021. Kabla yake Boomplay ilikuwa imeshakuja ndani ya simu za Tecno, unanunua simu ukaikuta humo. Mdundo, iliyozaliwa hapa hapa Kenya na baadaye ikauza hisa zake katika soko la Copenhagen mwaka 2020, iliamua kuwafuata watu wa bando dogo: pakua wimbo wako, wenye tangazo ndani, uondoke nao. Na juu ya zote kuna YouTube, ambayo kwa muziki wa Kijaluo ndiyo soko kuu, ndiyo redio, ndiyo televisheni, na ndiyo kabati la babu.

Spotify ilipoanza hapa, mtu mmoja alilipa shilingi 299 kwa mwezi. Takriban theluthi mbili ya mapato ya Spotify huenda kwa wenye haki za nyimbo, yaani katika shilingi zako 299 karibu 200 zinakwenda kwenye muziki. Haya, tuseme mimi ni mtu wa ajabu. Mwezi mzima sisikilizi mtu mwingine ila mpigaji mmoja wa ohangla wa Seme. Je, shilingi zangu 200 zinamfikia? Hazimfikii.

Fikiria umeenda ufukweni kununua samaki. Mama unayemjua ana meza yake, umempa pesa yake, umechukua ngege wako. Jioni meneja wa ufuo anakusanya pesa za meza zote, anazimwaga ndani ya pipa moja, anahesabu ni wateja wangapi walisimama kwenye kila meza, hata kama walisimama kutazama tu, na anagawa kwa hesabu hiyo. Meza iliyosimamiwa na vijana mia wanaorudi kila dakika mbili inachukua karibu pipa lote. Mama yako, ambaye ulikaa kwake saa nzima ukichagua samaki mmoja mmoja, anapata sarafu. Na pesa uliyompa kwa mkono wako imeenda kwa mtu ambaye hukununua chochote kwake.

Hivyo ndivyo mgao unavyofanyika: mapato ya nchi yanawekwa pamoja, kila mwenye haki anapata kwa kiasi cha sehemu yake katika usikilizaji wote wa nchi hiyo. Hakuna bei maalumu ya wimbo mmoja. Makadirio yanayotajwa sana duniani ni kati ya senti 0.3 na senti 0.5 za dola kwa kila mara wimbo unaposikilizwa. Kwa hiyo mara 1,000 ni dola tatu hadi tano, shilingi mia tano hivi, na nchi yenye kifurushi cha bei nafuu kama yetu isitegemee kufika juu ya makadirio hayo. Na pesa hizo zina wagawana wake: kuna anayesambaza, kuna mwenye studio, kuna bendi ya watu wanane.

Tangu 2024 kuna mlango mwingine umefungwa. Wimbo usiofikisha mara 1,000 katika miezi 12 haulipwi kitu Spotify kwa upande wa rekodi. Sehemu yake inakwenda kwa nyimbo zilizovuka. Sababu waliyotoa inaeleweka: pesa hizo ni chache mno, zinapotelea katika ada za benki, na kuna matapeli wanaopakia kelele za mvua na feni ili wachume. Mwaka 2022 wakuu wa makampuni makubwa ya rekodi walikuwa wakisema nyimbo 100,000 hupakiwa kila siku. Lakini msikilizaji, mpigaji wa nyatiti wa Alego mwenye wimbo uliosikilizwa mara 900 hakupakia kelele ya feni. Amewekwa kapu moja na tapeli kwa sababu mtambo hauna namna ya kuwatofautisha ila kwa idadi.

Kuna njia nyingine, na si ndoto. SoundCloud, mwaka 2021, ilianza kuwapa wanamuziki wadogo pesa za wale waliowasikiliza wao wenyewe: umenisikiliza mimi, pesa yako ije kwangu. Deezer nayo ilianza mwaka 2023 kule Ufaransa mpango wake wa kumpandisha mwanamuziki ambaye watu wanamtafuta kwa jina, kuliko wimbo uliochezwa kwa kusukumwa na mashine. Majukwaa makubwa hayajafuata njia ya SoundCloud, na sielewi kwa nini wanamuziki wa Afrika Mashariki hawalipigii kelele jambo hili kuliko wanavyopigia kelele asilimia za mgao.

Tukija kwenye makampuni ya rekodi, yale makubwa matatu, Universal, Sony na Warner, yamerudi mlangoni, ila kwa uangalifu wa mtu anayechagua nyanya. Sauti Sol walitoa albamu yao ya mwaka 2020 chini ya Universal. Wasafi ya Diamond Platnumz ilitia sahihi na Warner mwaka 2021. Hayo ni majina yaliyokwishaiva. Zamani kampuni ilikupata ukiwa huna kitu, ikakulipia studio, ikabahatisha. Siku hizi wanasubiri ujijenge wewe, na wafuasi wako ndio barua yako ya kuomba kazi.

Mwanamuziki wa hapa Kisian au Kombewa hana kampuni. Yeye ndiye kampuni. Anarekodi katika studio ya chumba kimoja mjini, analipa ada ya mwaka kwa kampuni kama DistroKid au TuneCore ili wimbo wake uingie katika majukwaa yote, na anajifunza mwenyewe kupiga picha ya jalada. Huo ni uhuru mkubwa, nami siudharau. Babu zake walihitaji nauli ya Nairobi na kuvumilia kungojeshwa siku nzima River Road. Lakini uhuru huo una karani wake. Ada ya mwaka usipoilipa, wimbo wako unaweza kuondolewa. Akaunti imefunguliwa kwa barua pepe ya binamu, binamu akakosana nawe, umekwisha. Na kuna nyimbo za zamani, za watu waliokwisha kufa, zilizopakiwa na mashabiki au wafanyabiashara waliozitoa kwenye santuri. Pesa ya matangazo inakwenda kwa aliyewahi kujiandikisha kuwa mwenyewe. Mjane wa mwanamuziki, aliye na picha ya ukutani na gitaa lisilo na nyuzi, anatakiwa athibitishe haki kwa karatasi ambayo marehemu mwenyewe hakupewa.

Upande wa serikali na vyama vya hakimiliki nitapita haraka, maana mgogoro huo unahitaji kipindi chake chenyewe, tena kirefu. Inatosha kukumbuka mwaka 2019, wanamuziki walipotangaza kwa uchungu kwamba mgao wa kila mmoja kutoka chama chao cha hakimiliki, MCSK, ulikuwa shilingi 2,530. Na inatosha kuitaja habari moja njema: marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2022 yaliyosema kwamba katika nyimbo za miito ya simu, zile tunazoziita Skiza, mwenye wimbo asipate chini ya asilimia 52. Skiza, msikilizaji, imewalisha waimbaji wengi wa Nyanza kuliko Spotify itakavyowalisha kwa miaka mingi ijayo, kwa sababu haihitaji bando wala simu ya bei. Hata mwenye mulika mwizi anaweza kuwa na wimbo wa Musa Juma ukimsubiri anayempigia.

Ila angalia na Skiza ilivyofanya. Anayekupigia anasikia kipande kisichofika hata dakika moja, kisha unapokea. Basi mtunzi anaanza kutunga kipande. Anatafuta mstari mmoja wa sala, au wa mapenzi, unaokaa vizuri kabla simu haijapokelewa.

Hapo tumefika kwenye ubora. Wazee wananiambia muziki umeharibika. Vijana wananiambia wazee wamezeeka. Ukweli hauko katikati, uko mahali pengine kabisa.

Ukisikiliza wimbo uliotungwa kwa ajili ya Spotify au TikTok, unausikia umetungwa: kiitikio kimekuja sekunde ya kumi, hakuna utangulizi, hakuna gitaa linalojitambulisha, na wimbo umekwisha kabla hujajua ulikuwa wa nani. Huo si uvivu wa mtunzi. Anaijua sekunde ya 30 kama dereva anavyojua kamera ya barabarani. Sasa mchukue Misiani umweke hapo. Sekunde 30 za kwanza za Misiani bado anakuandaa. Hajafika kwenye fumbo, hajamtaja mfalme wa kwenye Biblia ambaye wewe ulijua kabisa ni nani wa Nairobi. Kijana wa leo mwenye kipaji cha Misiani angeshauriwa na kila mtu aanze na fumbo. Na fumbo likianza bila maandalizi linakuwa tusi tu, au tangazo.

Lakini mwaka hadi mwaka naona ohangla inakataa kufa kwa njia hiyo, na sababu yake ni ya kifedha kabisa. YouTube inahesabu kwa namna nyingine. Ili uanze kupata pesa za matangazo kwa video za kawaida unahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12. Umesikia? Saa. Tangu 2020 video inayofika dakika nane inaweza kuwekewa matangazo katikati. Basi wimbo wa dakika nane, ambao Spotify unapata hesabu moja, YouTube una nafasi ya tangazo mwanzoni na nyingine katikati. Tazama nyimbo za Emma Jalamo au Prince Indah huko: hazina haraka. Maneno yapo, utani upo, magitaa yanapewa muda wao. Sidai kwamba wanarefusha kwa ajili ya matangazo. Nadai kwamba pale mtambo unapohesabu kubaki, muziki wa kubaki unapata pa kuishi.

Kuna ubora wa aina nyingine hatuusemi, ule wa sauti yenyewe. Benga ni muziki wa besi. Gitaa la juu linakimbia, ndiyo, linaiga nyuzi za nyatiti, lakini kinachoshika kiuno ni besi. Simu haina besi. Unasikiliza kwa spika ya simu, kilichobaki ni gitaa la juu na sauti ya mwimbaji, na mpigaji besi aliyekesha studio ametoweka kama vile hakulipwa, na pengine kweli hakulipwa. Studio nyingi zimelizoea hilo, zinapiga besi kwa kinanda, zinaipandisha mpaka ipasuke ndiyo isikike kwenye simu. Ukiingia kwenye matatu yenye spika za kifua ndipo unagundua wimbo ule ule ni tope. Hilo, kwangu, ni uharibifu mkubwa kuliko ufupi wa nyimbo, na hakuna chama chochote cha wanamuziki kitakachokwenda mahakamani kwa ajili yake.

Na tusijifanye kwamba zamani mtunzi alikuwa huru. Nyimbo nyingi za benga tunazozililia leo zina majina ya matajiri ndani yake: mfanyabiashara fulani, mwalimu mkuu fulani, shemeji wa Mombasa. Walilipa, wakaimbwa. Baadhi ya nyimbo hizo ni bora kabisa, baadhi ni orodha ya mahudhurio yenye gitaa. Tajiri alikuwa ndiye algoridhimu ya siku hizo, ila ulimjua kwa sura na ungeweza kumkuta baa ukamdai.

Mtandao nao umetenda mema ambayo ningekuwa mnafiki nisipoyataja. Juu ya kilima hapo, Nyahera, ndipo alipoishi na kufariki mpigaji wa nyatiti Ayub Ogada, Februari 2019. Bendi ya vijana ya Black Savage iliurekodi wimbo "Kothbiro", alioutunga Ogada na mwenzake, miaka ya sabini. Ogada akaupiga tena kwa nyatiti katika albamu yake ya mwaka 1993, na mwaka 2005 ukasikika katika filamu ya The Constant Gardener. Kisha Juni 2018 Kanye West akaitumia rekodi ile ya Black Savage ndani ya wimbo wake "Yikes". Zamani jambo kama hilo lingepita kimya, na sisi tungelisikia kwa bahati miaka kumi baadaye. Safari hii majina ya watunzi, Ogada na mwenzake Mbarack Achieng, yaliandikwa kwenye orodha ya watunzi wa wimbo huo. Wakenya wakayaona siku zile zile kwenye simu zao, na mamilioni waliosikiliza "Yikes" wakawa wanahesabiwa pia kwa jina la mtu wa Nyahera. Mtambo ule ule unaomnyima mpigaji wa Alego kwa kukosa mara 1,000 ndio ulioweza kumtaja Ogada. Tofauti yao ni majina kwenye karatasi, na ukubwa wa aliyeuazima wimbo.

Wanamuziki wenyewe hawangojei. Nenda Jumamosi mahali popote panapopigwa ohangla kati ya hapa na Bondo, iwe klabu, harusi au matanga. Katikati ya wimbo mtu anainua mkono, ngoma zinasimama, anajisifu, anawasifu wakwe zake, anatoa pesa, ngoma zinaendelea. Desturi hiyo ya kujisifu, pakruok, imekuwepo kabla ya santuri, na ukiitazama vizuri ndiyo mpango wa SoundCloud: nimekusikiliza wewe, pesa yangu ije kwako, bila pipa katikati. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi kuna simu iliyosimamishwa kwenye kijiti mbele ya jukwaa, onyesho linarushwa moja kwa moja, na anayejisifu huenda yuko Doha au Dallas. Anatuma kwa M-Pesa kupitia kwa ndugu yake aliye ukumbini, mwimbaji anasoma jina lake na la mama yake na la kijiji chake, halafu wanaanza tena pale walipoachia.

Kwa mwenye sikio la muziki ni mateso. Wimbo unasimamishwa mara sita, magitaa yakishashika moto yanazimwa ili fulani wa Doha awasalimu mashemeji. Rekodi ya usiku ule ikipandishwa YouTube kesho yake inakuwa na dakika ishirini, nusu yake ni majina. Lakini mpigaji besi, yule ambaye simu haimsikii, amelipwa kabla hajazima spika yake.